Usalama Uingie Kwenye Bei: Mwongozo kwa Mkandarasi wa Kupaua na Kuezeka

Makandarasi wa kuezeka wakikaa kupiga hesabu ya kazi, utawasikia wakitaja bati ngapi, papi mita ngapi, misumari kilo ngapi, kofia, fishabodi, gari la mzigo na posho ya vijana. Kifungu kimoja huwa hakitajwi: itagharimu nini kila aliyepanda ashuke mzima. Kinaachwa kwa kuwa hakina risiti. Risiti yake huja siku mtu anapoanguka, na huja yote kwa mpigo.

Mwongozo huu ni wa mkandarasi mdogo na wa kati hapa Tanzania, mwenye kikosi cha watu watano hadi kumi na watano, anayepaua nyumba za watu, madarasa, maghala na fremu za biashara. Utaona humu kwamba usalama ni kifungu cha gharama kama vingine, kwamba bei yake inahesabika, na kwamba ukikiandika mapema kinarudisha zaidi ya ulichotoa.

Anza kwa kuhesabu anguko moja

Chukua kalamu. Namba zifuatazo ni za mfano tu; kila penye namba weka yako.

Tuseme umepata kazi ya ufundi peke yake, vifaa ni vya mwenye nyumba, kwa shilingi 2,000,000. Una mafundi wawili wa 40,000 kwa siku na wasaidizi wanne wa 20,000. Kutwa nzima ya kikosi ni 160,000, na kwa siku nane ni 1,280,000. Nauli, chakula na uchakavu wa vifaa vinakula 320,000. Zinabaki 400,000, ndiyo faida yako.

Siku ya tatu, kabla ya chakula cha mchana, fundi mmoja anateleza ukingoni na kuvunjika mkono. Kazi inasimama mchana ule na kesho yake yote, na vijana waliokuwa pale unawalipa: 240,000. Gari la kumkimbiza na matibabu ya mwanzo: 150,000. Fundi wa kuziba pengo anajua umebanwa, anataka 50,000 badala ya 40,000. Kwa siku tano ni nyongeza ya 50,000. Aliyeumia hutamwacha bila kitu, unampelekea nusu ya kutwa yake kwa siku hizo tano: 100,000. Bati mbili alizoangukia nazo zimekunjika, na mwenye nyumba anataka mpya: 70,000. Jumla ni 610,000. Faida ya 400,000 imekwisha, na umeingia mfukoni kwa 210,000 nyingine.

Hapo umepata bahati ya mkono uliovunjika. Hatujagusa uti wa mgongo wala msiba. Hatujahesabu pia siku zako mwenyewe za kushinda hospitalini badala ya kutafuta kazi, wala mteja anayefuata ambaye uliahidi kumwezekea kabla ya masika na sasa mvua inamkuta kenchi zikiwa wazi. Mafundi walioona mwenzao akianguka nao hawarudi juu na mwendo uleule. Kwa wiki nzima kila mmoja anashika mbao kwa mkono mmoja na kufanya kazi kwa mwingine.

Usijidanganye kwamba ajali ni za ghorofa. Mtu akianguka kutoka ukingo wa paa wenye kimo cha mita 3, kimo cha nyumba ya kawaida ya chini, anafika ardhini chini ya sekunde moja akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Muda huo hautoshi kusema "shika". Marekani, kanuni za ujenzi zinadai kinga dhidi ya kuanguka kuanzia futi 6, yaani mita 1.8. Uingereza, tangu kanuni za mwaka 2005, hakuna kimo kinachohesabiwa kuwa kidogo mno: popote mtu anapoweza kuanguka akaumia, mwajiri anawajibika kupanga kazi.

Shusha kazi chini, utamaliza mapema

Kanuni ya kwanza ya usalama wa paani ndiyo pia ya kwanza ya faida: kila kinachoweza kufanyika ardhini kifanyike ardhini. Saa moja ya kazi juu ya paa ni ghali. Fundi anashika kwa mkono mmoja, msaidizi anapanda na kushuka, kipimo kinakosewa, kipande kinaanguka. Kazi ileile chini, juu ya meza ya mbao, inakwenda haraka na inatoka sawa.

Kenchi zipigwe chini kwa kielelezo kimoja ili zote zifanane. Fishabodi ipakwe rangi kabla haijapanda. Papi zikatwe na kupangwa kwa urefu wake. Bati ziagizwe kiwandani zikiwa zimekatwa kwa kipimo cha paa lako. Viwanda vingi vinafanya hivyo, na ukipima vizuri unapunguza vipande vya kutupa pamoja na safari za kupanda na kipande mkononi.

Ukataji wa bati unataka tahadhari ya peke yake. Fundi akikata bati la rangi kwa grainda akiwa juu ya paa, amekusanya hatari tatu mahali pamoja: mashine inayozunguka kwa kasi, waya wa umeme unaoburuzwa kwenye chuma, na mikono miwili isiyoshika kitu. Kisha cheche zinatua kwenye bati zilizokwisha kupigwa. Zile chembe za chuma za moto zinaunguza rangi, zinaganda, na mvua ikinyesha zinaota kutu. Baada ya muda mwenye nyumba anaona madoa ya kahawia na kukupigia simu akisema umemwekea bati feki. Kata chini, kwa mkasi wa bati, na ukimaliza fagia kila chembe. Hapo fundi hayuko hatarini, na hutaitwa kurudi kubadilisha bati kwa gharama yako.

Ukingo ndio unaoua, weka jukwaa

Mtazame fundi akipiga fishabodi bila jukwaa. Amechuchumaa kwenye papi ya mwisho, mgongo nje, misumari midomoni, mkono wa kushoto umebana ubao na wa kulia una nyundo. Kila anapopiga, mwili unakwenda mbele kidogo. Msaidizi yuko juu ya ngazi upande wa pili wa ubao, naye kashika kwa kunyoosha mikono juu ya kichwa. Ubao ukichomoka, wote wawili wanaufuata.

Sasa weka jukwaa kuzunguka kuta, chini ya ukingo wa paa kwa kimo cha kifua cha fundi. Fundi amesimama wima, ubao uko usawa wa kifua, mikono yote miwili inafanya kazi, na anaweza kuvuta uzi kutoka pembe hadi pembe na kuuangalia kwa jicho moja. Fishabodi inanyooka, gata linapata mteremko wake, bati zinatokeza urefu uleule kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari ule wa ukingo ndio mwenye nyumba na jirani zake watakaouangalia kila siku, na ndio utakaokuletea mteja mwingine mtaani hapo.

Jukwaa la mirunda linafaa kama mirunda ni mizima, haijaliwa na wadudu, imesimama juu ya vibao na si kwenye mchanga mtupu, na imefungwa kwa mishazari ili isiyumbe. Mbao za kukanyagia zijae upana wa kutosha mtu kugeuka, zifungwe ncha zote mbili, na upande wa nje kuwe na kizuizi cha kimo cha karibu mita 1. Kwa mkandarasi mwenye kazi za mfululizo, jukwaa la mabomba la kukodi au kununua hupunguza sana muda wa kufunga na kufungua.

Ngazi ni ya kupandia, si ya kufanyia kazi. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani; kwa ukingo wa mita 3, hiyo ni sentimita 75. Ncha ya juu ipite ukingo kwa karibu mita 1 ili anayeshuka apate pa kushika, na ifungwe kamba. Ngazi ya mbao iliyoungwa msumari juu ya ufa ichomwe moto jioni hiyohiyo, kwa maana ikibaki mtu ataipanda kesho.

Mkanda wa usalama una hesabu yake

Wengi hununua mikanda ya usalama, huivaa siku ya kupigwa picha, kisha huiacha stoo wakisema inasumbua. Mara nyingi wako sahihi kwamba inasumbua, kwa sababu wamenunua ya kazi nyingine.

Mkanda wa mwili mzima wenye kamba ya mita 2 na kifyonza mshtuko umetengenezwa kwa majengo marefu. Fanya hesabu. Fundi ameifunga kamba usawa wa miguu yake, anaanguka. Kamba inanyooka mita 2. Kifyonza mshtuko kinafunguka. Kiwango cha Ulaya, EN 355, kinaruhusu hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni kama mita 1.5. Ongeza mita 1 ya akiba. Jumla unahitaji zaidi ya mita 6 za nafasi tupu chini yake. Ukingo wako uko mita 3. Fundi atafika chini kabla kamba haijafanya lolote, akiwa amevaa mkanda wa bei ghali.

Kwenye nyumba ya chini, kamba fupi ndiyo inayofaa: kamba inayomzuia fundi asifike ukingoni kabisa. Funga karibu na kilele cha paa, pima urefu ili akinyoosha kamba yote bado amebaki nusu mita ndani ya ukingo. Hapo hakuna anguko la kulizuia. Kazi ya ukingo wenyewe inafanywa kutoka kwenye jukwaa.

Unapofungia pana maana kuliko mkanda. Kanuni za Marekani zinadai sehemu ya kufungia ibebe kilonyutoni 22 kwa kila mtu, sawa na uzito unaozidi tani mbili. Papi ya mbili kwa mbili iliyoshikwa na msumari haikaribii hapo. Zungusha utepe imara kwenye kenchi, pale mbao zake nene zinapokutana, na iwe kenchi iliyokwisha kufungwa mishazari pamoja na wenzake. Kenchi iliyosimama peke yake ni mzigo, si nguzo. Kupaua ndiyo hatua ambayo mstari mzima unaweza kulala upande mmoja pamoja na waliokuwa juu yake. Zifunge mbili za mwanzo kwa nguvu, kisha kila inayofuata ishikwe kabla ya kuachiliwa.

Paa la zamani, umeme na hali ya hewa

Kazi za kukarabati zina mtego wake. Bati la plastiki la kupitisha mwanga likishapigwa jua miaka kadhaa linakauka na kuwa kama ganda la yai, na likipakwa rangi pamoja na mengine hulitambui. Mabati ya asbesto yaliyoezekewa majengo mengi ya zamani ya umma nayo yanavunjika chini ya mguu bila onyo. Kabla hujatoa bei ingia ndani ya jengo, tazama dari na paa kwa chini, chora ramani ya sehemu dhaifu. Juu, tandika mbao ndefu zinazovuka kenchi mbili au zaidi na mtu akanyage hizo tu.

Asbesto ina deni jingine. Vumbi lake linaleta magonjwa ya mapafu na saratani yanayojitokeza baada ya miongo, kwa hiyo kijana anayevuta vumbi hilo leo ataugua akiwa mzee. Usiikate, usiivunje kwa nyundo, usiifagie ikiwa kavu. Ilowanishwe, ishushwe nzima nzima, ifungwe, na mamlaka zielekeze pa kuipeleka. Kazi hiyo ina bei yake tofauti. Mteja anayetaka uifanye kwa bei ya kung'oa bati za kawaida, mwache atafute mwingine.

Angalia waya kabla ya kupandisha bati. Bati la mita nne likisimamishwa wima na watu wawili linafika kwenye waya unaoingia nyumbani bila hata kupanda paani. Omba TANESCO wakate au wahamishe waya mapema, na uandike siku hizo kwenye ratiba ili zisigeuke siku za kukaa.

Asubuhi bati za rangi huwa na umande. Anzia upande uliopigwa na jua, au fanya kazi za chini kwanza. Upepo ukianza kulinyanyua bati mikononi mwa mbebaji, acha kutandaza, maana bati ni tanga na linamchukua mtu. Pwani na maeneo ya joto, mchana chuma kinaunguza na kichwa kinazunguka. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, shusha watu saa sita, warudi saa nane, maji ya kunywa yawepo. Utapata saa zilezile za kazi, zenye makosa machache.

Sheria ina gharama ndogo kuliko unavyodhani

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inasimamiwa na wakala wa serikali, OSHA. Inakutaka usajili mahali pa kazi, upime afya za wafanyakazi, utoe vifaa vya kujikinga kwa gharama yako na uripoti ajali. Wengi humwogopa mkaguzi kwa sababu ya faini, lakini hasara kubwa ni amri ya kusimamisha kazi: kikosi kimekaa, mteja anapiga simu, na siku za mkataba zinakwisha.

Jambo ambalo mkandarasi mdogo hulikosea zaidi ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango ni asilimia 0.5 ya mishahara, unalipwa na mwajiri, na huruhusiwi kumkata mfanyakazi. Rudi kwenye mfano wetu. Kutwa zote za siku nane ni 1,280,000, asilimia 0.5 yake ni shilingi 6,400. Hizo hazifiki bei ya nauli ya siku moja ya kikosi. Aliyeumia kazini anapata matibabu, na akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake. Akifa, wategemezi wake wanalipwa. Bila mchango huo, familia itakuja kwako, na sheria pia itakuja kwako.

Ili ulinzi huo ufanye kazi, deiwaka naye aandikwe. Weka daftari: jina, tarehe aliyoanza, kazi anayofanya, kiasi alicholipwa, sahihi yake. Kibarua asiye na karatasi ndiye anayeleta ubishi kama alikuwa wako au alipita tu kusaidia.

Kumbuka pia kwamba WCF ni ya mfanyakazi wako. Mtoto wa jirani akiangukiwa na kipande cha papi, hahusiki. Zungushia utepe eneo la chini ya ukingo, funga njia ya mlango wakati wa kupandisha bati, na kwa kazi kubwa ulizia kampuni ya bima kuhusu bima ya madhara kwa watu wengine.

Karatasi hizi hizi ndizo zinazokufungulia kazi kubwa. Mkandarasi mkuu anayekuachia paa la ghala anataka kuona usajili wako wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), cheti cha OSHA na uthibitisho wa WCF, kwa kuwa ajali yako inasimamisha eneo lake lote. Zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST tangu mwaka 2023, na miradi ya madarasa na vituo vya afya yenye fedha za Benki ya Dunia huuliza mpango wa mazingira, jamii, afya na usalama. Mwenye mpango wa kurasa tatu unaoeleweka anamwacha nyuma mwenye bei nzuri asiye na karatasi.

Andika usalama kwenye bei, kisha uutetee

Hesabu kifungu hiki kama vingine. Kwa mfano wetu: mikanda, kamba, tepe, kofia ngumu, buti zenye soli laini na sanduku la huduma ya kwanza, tuseme 900,000. Vikitumika kwa kazi 15, kila kazi inabeba 60,000. Kufunga na kufungua jukwaa ni nusu siku ya kikosi, 80,000. Jumla 140,000, yaani asilimia 7 ya bei ya 2,000,000. Ukiokoa siku moja tu kati ya nane kwa kufanya kazi chini na kwa kusimama kwenye jukwaa, umeokoa kutwa ya 160,000. Kifungu kimejilipa kabla hata hujafikiria ajali.

Mteja ataiona na atauliza. Jibu liwe tayari.

"Fundi, hii laki na arobaini ya jukwaa na usalama ni nini? Mwenzako hakuiandika."

"Ni kweli mama, hakuiandika. Lakini ngazi zake ataegemeza wapi? Kwenye ukuta wako uliopakwa rangi juzi. Na gata atalifunga akiwa anachungulia kutoka juu. Mimi vijana wangu watasimama sawasawa, mstari wako utanyooka. Na Mungu apishe mbali, mtu akianguka hapa kwako, yuko WCF. Hakuna atakayekuja kukugongea mlango."

"Nipunguzie basi."

"Kwenye usalama siwezi, mama. Tuangalie siku za kumaliza, hapo tunaweza kuelewana."

Usikiunganishe kifungu hiki na bei ya ufundi ili kionekane hakipo. Kikifichwa, ndicho cha kwanza kukatwa mkibishana. Kikiandikwa peke yake, mteja anajua anachokinunua, na anajua anachokiacha akienda kwa mwingine.

Jinsi ya kulipa na kuongoza vijana

Ukilipa kwa idadi ya bati peke yake, umemwambia fundi akimbie. Gawa malipo: sehemu kubwa ya kutwa, na nyongeza ya mwisho wa kazi kwa kikosi kizima kama paa limekaguliwa, halivuji, eneo ni safi na kanuni zilifuatwa. Usitoe nyongeza kwa "kutokuwa na ajali", maana vijana wataficha majeraha ili wasikose hela.

Kila asubuhi simamisha watu dakika tano kabla ya kupanda. Leo nani yuko juu, nani yuko chini, wapi pamelegea, nani halali vizuri. Aliyekunywa usiku au anayeumwa malaria abaki chini akipanga mbao, bila kukatwa kutwa yake. Ukimkata, kesho hatasema. Msaidizi mgeni asipande siku ya kwanza.

Kila aliyekoswakoswa aseme. Nyundo imeponyoka ikapita sentimita chache na kichwa cha mtu: hiyo ni taarifa ya bure. Kesho nyundo zote zifungwe kamba ya mkononi, na aliyesema ashukuriwe mbele ya wenzake.

Fundi mzuri wa paa ni adimu, na kila msimu kabla ya mvua anatafutwa. Anabaki kwa mtu anayemrudisha nyumbani mzima na kumlipa kwa wakati. Ukimlipia pia apimwe ujuzi VETA, ambako fundi aliyejifunza kazini anaweza kupewa cheti bila kuanza darasani upya, umemwongezea thamani yake na jina la kikosi chako. Aliyekaa nawe miaka mitatu anaujua mkono wako na hana haja ya kuelekezwa. Kumpoteza kwa kuvunjika nyonga kunakugharimu kuliko mikanda yote uliyonunua.

Mtu akianguka

Mpango uwepo kabla. Namba ya hospitali iliyo karibu na ya mwenye gari ziwe ukutani kwenye stoo ya eneo. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu na kutupwa kwenye bodaboda. Shingo na mgongo vikiwa vimeumia, kumnyanyua hivyo kunaweza kumpoozesha. Azuiwe asigeuze kichwa, damu ibanwe kwa kitambaa safi, ahamishwe akiwa amelazwa kwenye ubao bapa na watu wengi. Aliyening'inia kwenye mkanda ashushwe ndani ya dakika chache, kwani mikanda ya mapajani inabana damu. Kwa hiyo ngazi ya pili iwe karibu siku zote.

Baada ya hapo piga picha za eneo kabla ya kugusa kitu, andika majina ya walioona, toa taarifa OSHA na WCF bila kuchelewa. Nenda kwa familia mwenyewe, usitume mtu. Kisha ita kikosi, mtafute kilicholegea, mkirekebishe kabla ya mtu mwingine kupanda.

Kazi yako inayofuata

Huhitaji kubadilisha kila kitu wiki hii. Kwa kazi moja tu inayokuja fanya haya manne. Piga hesabu ya anguko moja kwa namba zako halisi. Fungua daftari la vijana na ulipie mchango wa WCF. Andika jukwaa na usalama kama kifungu chake kwenye bei, na usikubali kikatwe. Kata bati chini na simamisha jukwaa kabla ya kupiga fishabodi. Kazi ikiisha, linganisha siku ulizopanga na siku ulizotumia, bati zilizoharibika na simu za malalamiko, na kazi iliyotangulia. Namba hizo zitakuamulia bei ya kazi ya tatu.